JORA MOJA, MAJINA MATATU

Hotuba juu ya ushuru wa vitambaa vya makochi, iliyosomwa mbele ya wanachama, mafundi na wafanya biashara wa Mjini na Mashamba

 

Tumeombwa tuzungumze leo juu ya ushuru wa forodha. Tunajua kuwa wengi wenu mkisikia neno hilo mnasema: hayo ni mambo ya matajiri na mawakala wa bandarini, sisi yanatuhusu nini? Basi tunakuombeni subira kidogo. Tumekuja na kipande cha kitambaa, na kabla hatujasema neno tunakuombeni mkipitishe mkono kwa mkono.

Kitazameni vizuri. Kwa juu ni mahameli laini ya rangi ya damu ya mzee, ya kufunikia makochi. Kigeuzeni: kwa chini kuna kitambaa kingine chepesi cheupe. Sasa kivuteni pembeni, pale tulipopachana kwa makasi. Baina ya juu na chini mtaona utando wa sponji, mwembamba kama ganda la kitunguu. Vitu vitatu vimegandishwa vikawa kimoja. Fundi wa makochi akikiona husema ni kitambaa. Mwenye duka la Darajani husema ni mahameli. Lakini forodhani hakuna jina la "kitambaa cha makochi" likatosha. Forodhani kila kitu kina nambari, na nambari ndiyo inayosema ulipe nini.

Ndugu zetu, hilo ndilo tulilokuja kulisema. Anayekipa kitambaa jina ndiye anayekipa bei. Na mpaka leo sisi wenye kukinunua, kukikata na kukishona, tumewaachia watu wengine wakipe jina.

Tuanze na pesa, kwa kuwa pesa kila mtu anazielewa. Chukueni mfano wa mfanya biashara aliyeleta majora 50 ya kitambaa kama hiki, na thamani yake pamoja na nauli na bima mpaka bandarini ni shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha katika Afrika ya Mashariki hupigwa juu ya jumla hiyo, si juu ya bei ya dukani kule kilikonunuliwa. Kikiingia katika nambari yenye ushuru wa asilimia 10, atalipa milioni 1. Kikiingia katika nambari ya asilimia 25, atalipa milioni 2 na nusu. Tafauti yake ni milioni 1 na nusu, yaani shilingi 30,000 kwa kila jora. Tena kodi ya ongezeko la thamani inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hivyo ushuru ukipanda na kodi hiyo inapanda nyuma yake. Nani anailipa tafauti hiyo? Tajiri haitoi mfukoni mwake. Anamtia fundi, na fundi anamtia bibi harusi anayetengenezewa makochi ya nyumba yake. Na bibi harusi akiona makochi ya fundi ni ghali, anakwenda kununua yaliyokuja tayari kwa meli. Hapo fundi wetu anabaki na nyundo yake na misumari yake, anapunga upepo barazani.

Sasa tutazame tumefikaje hapa.

Forodha si kitu kigeni Unguja. Mahala pale tunapopaita Forodhani jina lake lenyewe linasema kazi iliyokuwa ikifanyika hapo. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba na Marekani, na katika mkataba ule ushuru wa mali iliyoingia uliwekwa asilimia 5. Waingereza walifuata na mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Katika karne ile forodha ilikuwa ikikodishwa, na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ndiyo iliyoshika kazi hiyo kwa muda mrefu. Meli za Salem, mji wa Massachusetts, zikileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, nacho watu wa pwani na wa bara wote wakakiita merikani. Ushuru wa asilimia 5 ulikuwa ni mmoja. Kiwe kitambaa, kiwe kioo, kiwe shaba, palikuwa na ugomvi wa thamani, lakini hapakuwa na haja ya ugomvi wa jina.

Leo si hivyo. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika ya Mashariki ilitiwa saini Arusha tarehe 2 Machi 2004, na ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2005. Ikaweka ushuru wa aina tatu kwa mali itokayo nje ya nchi wanachama: malighafi na mashine asilimia 0, vitu vilivyofikia nusu ya njia asilimia 10, na vitu vilivyokwisha tengenezwa asilimia 25. Tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa daraja ya nne, asilimia 35, na samani zimo katika daraja hiyo. Juu ya hayo kuna vitu vinavyoitwa vya kulindwa zaidi. Kanga, vikoi na vitenge vimo humo, na ushuru wake umewekwa asilimia 50.

Ushuru ukishakuwa wa daraja mbali mbali, jina linakuwa ni mali. Na majina hayo hayatungwi Malindi. Yanatoka katika kitabu kimoja kinachotumiwa karibu na dunia nzima, kilichotungwa na shirika la forodha la dunia lenye makao yake Brussels. Mkataba wake ulifungwa mwaka 1983 na ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Kila kitu cha biashara, tokea farasi aliye hai mpaka picha ya kuchora kwa mkono, kina nambari ya tarakimu 6 ndani ya kitabu hicho. Afrika ya Mashariki imeongeza tarakimu 2 za kwake, zikawa 8. Zikumbukeni tarakimu hizo 2 za mwisho, tutazirudia.

Sasa kirejesheni kile kipande chetu, tukisomee kitabu.

Nguo na vitambaa vimo katika sura ya 50 mpaka ya 63. Kitambaa cha kawaida kilichofumwa kwa nyuzi ndefu za poliyesta kimo katika fungu la 54.07. Mahameli iliyofumwa kwa kitanda cha mfumi imo katika 58.01. Lakini mahameli nyingi za makochi za siku hizi hazikufumwa, zimesukwa kwa mashine kama fulana inavyosukwa, na hizo mahala pake ni 60.01. Mnaona? Jicho haliwezi kukuambia, ila ukichomoa uzi mmoja ukautazama unavyokwenda.

Kisha yako mambo ya plastiki. Kitambaa kilichopakwa au kugandishwa na plastiki kimo katika fungu la 59.03. Ile tunayoiita ngozi bandia, ikiwa plastiki yake ni ya PVC, imo katika 5903.10, na ikiwa ni ya poliyurethani imo katika 5903.20. Na ikiwa ni bamba la sponji, na kitambaa kimetiwa nyuma yake kwa kulipa nguvu tu lisichanike, basi si kitambaa tena. Hilo linahesabiwa plastiki, na linakwenda sura ya 39.

Basi kipande chetu kiko wapi? Mtu anaweza kusema ni mahameli, sura ya 60. Wa pili akasema ni kitambaa kilichogandishwa na plastiki, 59.03. Wa tatu akasema ni sponji, sura ya 39. Jora moja, majina matatu.

Wasomaji wa kitabu wamewekewa kanuni za kukata shauri. Kwanza husomwa maneno ya fungu lenyewe na maelezo ya sura. Maelezo ya sura ya 59 yanasema kuwa kitambaa kilichopakwa plastiki ambayo haionekani kwa macho hakihesabiwi kuwa ni cha plastiki, na kubadilika rangi peke yake hakutoshi. Kwa hivyo dawa ya kuzuia maji iliyonyunyizwa isiyoonekana haikigeuzi kitambaa kuwa kitu kingine. Lakini katika chapa ya mwaka 2022, ambayo na sisi huku tumeifuata tokea Julai mwaka huo, limeongezwa neno jingine: tabaka za kitambaa zikigandishwa pamoja na tabaka au utando wa plastiki, kwa njia yoyote ile, basi ni kitambaa kilichogandishwa na plastiki, utando ule uonekane pembeni usionekane. Sponji hii imezungukwa na kitambaa pande zote mbili, kwa hivyo hakuna wa kudai kuwa kitambaa kipo kwa kutia nguvu tu. Kwa rai yetu, kipande hiki mahala pake ni 59.03.

Lakini lichukueni jora jingine linalofanana nalo kama shilingi kwa ya pili, ila halina sponji wala utando. Ni mahameli kwa juu na kitambaa cheupe kwa chini, na baina yao ni gundi tu ya kushikishia. Hapo kanuni inauliza: ni sehemu ipi inayokipa kitu hiki tabia yake? Mtu ananunua kitambaa cha makochi kwa sababu ya uso wake, si kwa sababu ya mgongo. Basi uso ndio unaohukumu, nacho kinarudi kwa mahameli wenzake. Na ikiwa hata kwa njia hiyo shauri halikukatika, kanuni inasema litwaliwe fungu lenye nambari ya mwisho kati ya yale yanayogombaniwa. Vitambaa viwili, duka moja, rangi moja, bei moja, na nambari mbili mbali.

Hayo hatukuyajua kwa akili zetu. Tumeyajua kwa khasara.

Sisi tunaozungumza nanyi tulichanga pesa, mafundi kadhaa, tukaagiza majora yetu wenyewe ili tusinunue kwa mkono wa pili. Karatasi ya muuzaji iliandikwa maneno mawili tu, "kitambaa, poliyesta." Wakala akaandika vivyo hivyo. Mzigo ulipokaguliwa, afisa alichana pembeni kama tulivyochana sisi, akaona sponji, akasema: hiki sicho mlichokiandika. Nambari ikabadilishwa, mzigo ukakaa, gharama za kuweka zikapanda siku kwa siku. Sisi tukakasirika, tukasema tunaonewa. Kisha tukalipa, tukachukua mzigo wetu, tukaenda zetu tunanung'unika. Hatukuuliza kwa maandishi sababu yake. Hatukuweka kipande cha mfano. Siku nyingi baadaye ndipo mtu mmoja alipotuambia kuwa sheria ilitupa siku 30 za kupinga, na siku zenyewe zilikuwa zimekwisha.

Hatutaji ofisi wala mtu, kwani leo, baada ya kukisoma kitabu, tunaona yumkini afisa yule alikuwa na haki. Kosa letu halikuwa kutozwa. Kosa letu lilikuwa kutojua tumetozwa kwa jina gani na kwa sababu gani. Mtu asiyejua hawezi kutafautisha dhulma na haki: akidhulumiwa hunyamaza, na akitendewa haki hulalama.

Basi jueni haki zenu, ndugu zetu. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ya mwaka 2004, inasema kuwa mtu asiyeridhika na uamuzi wa forodha anaweza kumwandikia Kamishna ndani ya siku 30 auangalie tena. Kamishna naye ana siku 30 za kutoa jawabu, na zikipita bila ya jawabu, sheria inahesabu kuwa ombi limekubaliwa. Asiyeridhika na jawabu hilo ana siku 45 za kwenda kwenye baraza la rufaa za kodi. Na jambo lililo bora kuliko yote hayo ni kuuliza kabla ya meli kung'oa nanga. Mkataba wa kurahisisha biashara wa shirika la biashara la dunia, ulioanza kufanya kazi tarehe 22 Februari 2017, unazitaka forodha zitoe uamuzi wa mapema juu ya nambari ya mali kwa mtu anayeomba, na sheria yetu ya forodha nayo ina mlango huo. Unapeleka kipande, unaeleza kilivyotengenezwa, unapata jawabu la maandishi. Mwenye jawabu hilo mkononi hababaiki gatini.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi, kwani kujua nambari ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuuliza: nambari zenyewe zimepangwa kwa maslahi ya nani?

Makochi yaliyo tayari yamewekwa katika daraja ya asilimia 35 ili fundi wa nyumbani apate pumzi. Hilo ni jema, na tunalishukuru. Lakini fundi huyo huyo, kitambaa chake kikihesabiwa kuwa ni nguo iliyokwisha tengenezwa, anatozwa kama mfanya biashara wa nguo. Kwake yeye kitambaa hiki ni malighafi, kama unga ulivyo malighafi kwa mwoka mikate. Kinga anayopewa kwa mkono wa kulia inapunguzwa kwa mkono wa kushoto.

Watatuambia kuwa ushuru wa nguo unalinda viwanda vya nguo. Nasi tunasema vilindwe. Hatumtakii mabaya mkulima wa pamba wala mfumi wa kanga. Lakini kufuma kanga na kugandisha mahameli na sponji ni kazi mbili mbali, na kumtoza fundi wa makochi hakumuuzii mwenye kiwanda cha kanga hata pea moja.

Hapa ndipo tulipokuombeni mkumbuke tarakimu 2 za mwisho. Katika kitabu cha dunia kanga haina jina lake. Humo ni kitambaa cha pamba kilichopigwa chapa, basi. Lakini Afrika ya Mashariki ilipotaka kuilinda, ilitumia tarakimu zake 2 za mwisho ikaitengea kanga, kikoi na kitenge mstari wao wenyewe. Ikiwa kanga iliweza kupewa mstari wake kwa ajili ya kiwanda, kwa nini kitambaa cha makochi kisipewe mstari wake kwa ajili ya fundi? Jambo hilo haliombi kitabu kipya wala safari ya Brussels. Linaomba watu wa kulisema Arusha, pale mawaziri wa fedha wa nchi wanachama wanapokubaliana viwango kabla ya bajeti ya kila mwaka, ambavyo huanza tarehe 1 Julai.

Na sisi Wazanzibari tunafikaje Arusha? Ushuru wa forodha ni katika yale mambo 11 ya Muungano yaliyoandikwa mwaka 1964. Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1996, ndiyo inayoutoza Malindi, na Zanzibar inaingia Jumuiya kwa mlango wa Serikali ya Muungano. Kwa hivyo sauti yetu ina safari ya ngazi nyingi, na sauti isiyoandikwa haipandi ngazi. Tuna mfano wa jambo la namna hiyo. Miaka mingi wafanya biashara wetu wamelalamika kuwa mali iliyolipiwa ushuru Unguja, ikivushwa Dar es Salaam, huthaminiwa upya na kudaiwa tafauti. Malalamiko hayo yaliandikwa, yakahesabiwa kwa jina lake katika kero za Muungano, na serikali mbili zikalazimika kukaa mezani kuyazungumza. Yangelibaki manung'uniko ya gatini, yasingelifika popote.

Basi tunapendekeza mambo manne, na tunaomba kila tawi liyajadili.

La kwanza, mwenye kuagiza kitambaa amtake muuzaji aandike kila kitu katika karatasi yake: uso ni wa uzi gani, umefumwa au umesukwa, mgongo ni nini, baina yake kuna gundi, utando au sponji, na kila tabaka lina uzito gani. Katika vitambaa vya uzi mchanganyiko, uzi wenye uzito mkubwa zaidi ndio unaohukumu.

La pili, kila mzigo uwekewe kipande cha mfano, kibandikwe daftarini pamoja na nambari iliyotozwa na tarehe yake. Wazee wetu wamesema mali bila daftari hupotea bila khabari. Madaftari ya watu kumi yakiwekwa pamoja yataonyesha kama kitambaa kimoja kimetozwa kwa nambari mbili, na hapo tutakuwa na ushahidi badala ya hasira.

La tatu, mafundi waungane katika ushirika. Jumuiya ina utaratibu wa kuwasamehe au kuwapunguzia ushuru wa malighafi watengenezaji wanaoomba, na majina yao huchapishwa katika Gazeti lake rasmi. Fundi mmoja mwenye cherahani moja uchochoroni hatajwi humo. Ushirika wa mafundi, wenye daftari na hesabu, unaweza kubisha hodi.

La nne, wawakilishi na wabunge wetu waulizwe hadharani, kabla ya bajeti na si baada yake: mstari wa kitambaa cha makochi mmeupeleka, au hamkuupeleka?

Ndugu wanachama, watu watacheka. Watasema chama kizima kimekaa kitako kuzungumza mahameli na sponji. Wacheke. Sisi tunasema kuwa kujitawala si bendera peke yake. Mtu anajitawala pale anapojua anatozwa nini, kwa sheria ipi, na aende kwa nani akiona kakosewa. Babu zetu walikipa merikani jina, na jina hilo likashika kutoka pwani mpaka maziwa makuu, hapana forodha iliyowafundisha. Hatushindwi sisi kukijua kitambaa tunachokikalia.

Kile kipande, tafadhali, kirudisheni mbele. Tutakibandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na tunawaomba waliokuja na vyao wavilete baada ya kikao.